Tarehe Niliyomwambia Bibi

Mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Umelala kwenye godoro letu, mdomo wazi, umeshika pindo la khanga yangu, na ukiamka utaanza kulia kabla hujafungua macho. Hapa Lizaboni, Songea, mvua inanyesha tangu saa nane mchana. Hakuna anayetoka wala anayeingia. Nina muda mpaka utakapoamka.

Kesho unaondoka. Unakwenda Maposeni kukaa na Bibi, yaani bibi yangu mimi, mama aliyemzaa mama yangu. Mimi Jumatatu narudi shule, bweni, kuanza upya kidato cha tatu nilichokiacha. Una miezi kumi na minne na siku kadhaa. Barua hii Mama atakutunzia mpaka uweze kuisoma mwenyewe.

Mambo ya uji, ya sweta, ya kwamba hunywi maziwa yenye utando, yote nimemwandikia Bibi kwenye karatasi nyingine, na Bibi ataicheka kwa sababu amelea watoto saba bila karatasi. Hapa naandika jambo lingine. Maposeni watu wanaongea sana wakiwa wanapukuchua mahindi. Ipo siku mmoja atakwambia, labda kwa utani, kwamba huyu Bibi unayekaa naye alimpa mama yako dawa ukiwa tumboni na nusura utoke. Ni kweli, alinipa. Sehemu inayobaki wanaijua watu wachache, na mpaka Jumapili iliyopita baba yangu hakuwa mmojawapo. Nataka uisikie kwangu.

Mimi ni mtu wa aibu. Utakuwa umeshaligundua. Darasani nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono. Ndiyo maana naandika.

Nianze na watu. Nikiandika Baba, ni baba yangu, babu yako, fundi wa mashine za kusaga. Nikiandika Mama, ni mama yangu. Na yupo Yustini, baba yako. Yustini alimaliza kidato cha nne kwao, na baada ya mwaka mpya alikuja Songea kujifunza ufundi kwa Baba huku akisubiri matokeo. Alikuwa anakula mezani kwetu. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa haulizi saa ya kwenda nyumbani. Alikaa Januari na Februari, kisha akaenda Tunduru kwa mjomba wake mwenye mikorosho. Siku anaondoka Baba alimpa seti ya spana zake za zamani, zimefungwa kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa ndani, nafua, na sikutoka kumuaga. Nilikuwa sijajua bado.

Nilijua Machi. Nilinyamaza Machi yote na Aprili yote. Mwezi wa pili na wa tatu wa mimba nilikuwa natapika nyuma ya choo kabla watu hawajaamka, halafu ghafla, kuanzia mwezi wa nne, kutapika kukakoma na njaa ikaja. Niliweza kula ugali wa moto na dagaa wa Nyasa, nikamaliza, nikaangalia sahani ya mdogo wangu. Fizi zilikuwa zinatoka damu nikipiga mswaki. Pua iliziba kama nina mafua yasiyoisha. Mstari mweusi ulianza kushuka kutoka kitovuni, mwembamba, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Usiku misuli ya mguu ilikuwa inakaza mpaka nauma shuka.

Kila kitu nilikitafuta kwenye kitabu cha Baiolojia nilichoazima shuleni. Kimeandikwa kwa Kiingereza chote. Sikukusoma wewe kwa Kiswahili kabisa miezi ile. Kwa Kiingereza maneno ya mwili sikuwahi kuyasikia jikoni wala kanisani, kwa hiyo niliweza kuyatazama bila kuona haya. Nyuma ya daftari langu la Jiografia nilikuwa naandika wiki zako kwa penseli. Wiki ya kumi na nne, anaweza kukunja ngumi. Wiki ya kumi na sita, urefu wake unatosha kwenye kiganja cha mtu mzima, na ngozi bado inapitisha mwanga. Nilizihesabu kutoka tarehe ya kweli, ile ya katikati ya Januari, kwa sababu kwenye daftari hakukuwa na mtu wa kumdanganya.

Mama alinigundua Mei. Nilikuwa navaa sketi ya shule na zipu ilikataa.

“Geuka,” alisema.

“Sketi imeruka maji, Mama.”

“Sketi gani inaruka maji kiunoni tu? Geuka nikuone.”

Niligeuka. Hakunipiga. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akanitazama tumbo muda mrefu, na ndoo ikabonyea.

Jioni hiyo Baba aliniuliza mezani ni nani. Kabla sijajibu alisema mwenyewe, “Awe nani, awe mtoto wa nani, nikimjua nampeleka polisi. Sheria ipo. Mtoto wa shule ni mtoto wa shule.” Alisema taratibu huku akimega ugali. Nilijua anamaanisha. Nilijua pia kwamba sheria yenyewe ni miaka mingi jela, tulifundishwa shuleni.

Desemba nilikuwa Madaba kwa shangazi, likizo. Yustini Desemba hakuwa Songea kabisa. Nikasema Desemba. Nikasema kulikuwa na lori limeharibika barabara ya Njombe, kijana wa kwenye lori, jina simjui. Uongo huo niliutunga ndani ya muda wa tonge moja, na ulikaa vizuri sana. Baba aliacha kula. Mama aliniangalia kama anayetaka kuuliza kitu, akaacha.

Kuanzia siku hiyo ulikuwa na umri wa aina mbili. Wa daftarini na wa kwenye kadi.

Kliniki nesi alikuwa mama mnene, mchangamfu, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Aliniuliza siku zangu za mwisho niliziona lini. Niliangalia sakafu.

“Desemba.”

“Desemba ina siku thelathini na moja, mama. Nichague ipi?”

Nikasema tarehe tano. Akaandika, akahesabu kwenye kiduara chake cha karatasi, akanilaza kitandani, akaanza kunipima tumbo kwa vidole na kwa futi ya fundi cherehani. Alipima mara mbili.

“Wiki ishirini na mbili,” alisema. “Lakini tumbo hili ni la kumi na sita. Binti, una uhakika na hiyo tarehe?”

Mama akajibu kutoka kwenye benchi: “Uhakika anao, nesi. Desemba alikuwa Madaba.”

Nilikuwa nimelala, naangalia dari, na kichwani nikasema kwa Kiingereza: sixteen. Nesi alikuwa amekupima sawasawa. Angekuwa ameniuliza mimi peke yangu, sijui. Pengine ningesema bado Desemba.

Tulirudi baada ya wiki nne. Ulikuwa umepanda mpaka kitovuni, mahali hasa ambapo kitabu kilisema mtoto wa wiki ishirini anafika. Kwa kadi ulitakiwa uwe umekipita kitovu kwa vidole vitatu au vinne. Nesi aliweka kile kipembe chake cha kusikilizia, akafumba macho, akasema moyo upo, unakimbia vizuri. Kisha akauliza kama unacheza.

Ulikuwa umeanza wiki hiyo hiyo. Nilikuwa nachambua maharage mlangoni na kitu kikaruka ndani yangu mara moja, kama bisi moja inayopasuka kwenye sufuria yenye kifuniko, halafu kimya. Niliacha mkono kwenye ungo. Baada ya muda, tena. Nilimwambia Mama, akaja mbio na mikono yenye unga, akaniwekea kiganja, tukasubiri. Hakusikia kitu. Kwa wiki ishirini mtu wa nje si lazima asikie. Kwa wiki ishirini na sita ilibidi asikie. Mama alitoa mkono akasema, “Sawa, mwanangu,” kwa sauti ya mtu anayeambiwa jambo la kumfariji.

Nesi aliandika kwenye kadi kwamba mtoto ni mdogo kuliko umri, akatupangia kipimo cha picha baada ya wiki mbili. Akamwambia Mama, mimi nikisikia, kwamba ukiendelea hivyo huenda wakalazimika kukutoa mapema. Tulipofika nyumbani aliingia chumbani kwake na nikamsikia analia akiwa ameweka mto mdomoni.

Hapa ndipo pa kunielewa au kutonielewa. Nyumba nzima ilikuwa inaomboleza mtoto mzima. Mdogo wangu aliacha kufungulia redio. Mama alikuwa ananipa nyama yake. Mimi peke yangu nilijua uko sawa, kwa sababu usiku nilifungua daftari: nyusi zimeota, mwili mzima umefunikwa na nywele laini zile tunazoita malaika, juu yake utando mweupe kama mafuta ili maji yasikuharibu ngozi, vidole tayari vina mistari ambayo hutaibadilisha maisha yako yote. Nilikuwa nakusoma na kufunga daftari, na asubuhi nilikuwa nakaa na Mama tukikusikitikia.

Mama akamwita Bibi.

Bibi alikuja na gari la asubuhi kutoka Maposeni, na mfuko wa nailoni, na sweta mbili kwa sababu ulikuwa mwezi wa baridi. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimekaa, akaitikia marahaba na papo hapo akaanza.

“Nyie wa mjini mimba ni ugonjwa? Mimi mama yako nilimzaa jioni, asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimepalilia.”

“Sasa ungemzaa asubuhi ungepalilia saa ngapi?” Mama alisema.

“Ningepalilia kwanza.”

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Mei. Kisha Bibi aliosha mikono, akanilaza kwenye mkeka, akanishika. Mikono yake ni mikavu na ina joto, utaizoea. Maposeni wanawake wanamwita hata usiku, na nesi wa zahanati ya kule anamsalimia kwa heshima. Alinipapasa tumbo, akapeleka mikono kiunoni, akabonyeza mgongo pande zote mbili.

“Imekwenda mgongoni,” alisema.

Wazee wetu wanasema mimba inaweza kuhama. Inaacha tumbo, inajificha mgongoni, na hapo haikui mpaka iitwe. Mtu anaweza kukaa nayo hivyo mwaka. Kitabu cha Baiolojia hakina mahali pa kitu kama hicho, na mimi nilijua hakuna kilichohama. Lakini kwa tarehe aliyopewa, na tumbo aliloliona, Bibi alifikiri vizuri. Ungempa mtu mwingine yeyote mwenye ujuzi wake hesabu ile ile, angefika pale pale. Hesabu ilikuwa yangu.

Baba alikuwa kazini Madaba siku hizo mbili, kuna mashine ilikuwa imekufa. Mama alikwenda sokoni. Bibi alichemsha mizizi yake kwenye sufuria ndogo, akachuja, akamimina kwenye kikombe cha bati, akaja kukaa karibu yangu. Hakunipa. Alikishika.

“Gaude, dawa hii naijua. Mimba ikiwa mgongoni, inairudisha mbele. Ikiwa haijaenda popote, inaisukuma nje. Unanisikia?”

“Nakusikia, Bibi.”

“Ndiyo maana nimesubiri mama yako atoke. Yeye anasema Desemba kwa sababu umemwambia. Nakuuliza wewe. Siku zako za mwisho uliziona mwezi gani?”

“Desemba.”

“Si baada ya hapo?”

“Hapana.”

“Niangalie usoni useme.”

Nilimwangalia. Nilimwona ana macho ya njano pembeni, na kope chache. Nikasema, “Desemba, Bibi.”

Akanipa kikombe.

Mwanangu, nimeacha kuandika hapa kidogo nikaenda kukuangalia. Bado umelala.

Nilipopokea kikombe nilikuwa na mawazo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba labda ni maji machungu tu, dawa za wazee, mimi nimesoma. La pili lilikuwa fupi sana, halikuchukua muda wa kupumua: kwamba ukitoka, mambo yote yatakwisha, Yustini hatafungwa, nitarudi shule, hakuna atakayehesabu chochote. Nimeandika sentensi hiyo na sitaifuta. Sikukuchukia. Nilikuwa namlinda mtu mwingine, na wewe ulikuwa huna sauti. Nilikunywa nusu ya kikombe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Saa sita tumbo lilianza kukaza. Linakaza lote kama ngumi, linaachia, linakaza. Ulikuwa unacheza kabla ya hapo kila asubuhi, na asubuhi ile ulinyamaza. Nilikwenda chooni nikaona damu, kidogo, kama ya mtu aliyejikata kidole. Nilirudi jikoni. Bibi alikuwa anachagua mchele. Nilisimama mlangoni, na nilitaka kusema Januari, nikashindwa. Nikasema, “Bibi, hakwenda mgongoni.”

Aliinua kichwa.

“Hajaenda popote,” nilisema. “Nilikudanganya. Ni katikati ya Januari. Ana wiki ishirini na mbili sasa hivi.”

Nilitegemea anipige kwa ule ungo wa mchele. Aliuweka chini pole pole ili mchele usimwagike. Alimwaga sufuria nje, akachukua mabaki ya mizizi akayafunga kwenye pindo la khanga, akasema, “Vaa viatu.” Akatoka barabarani, mwanamke wa miaka sabini na kitu, akasimama katikati ya njia mpaka bajaji ikasimama.

Njiani hakuniuliza ni nani. Alinishika mgongo tu, kila tumbo linapokaza, na kuhesabu kwa Kingoni chini chini.

Hospitali daktari aliuliza nimekunywa nini. Bibi alifungua pindo la khanga, akamwekea mizizi mezani, akamtajia kila mzizi jina na kiasi, mpaka daktari akachukua kalamu akawa anaandika. Nesi yule wa miwani aliitwa. Nilimwambia tarehe nikiwa nimefumba macho. Alikata Desemba kwa mstari mmoja kwenye kadi, akaandika Januari juu yake, akasema, “Ahaa. Sasa unalingana na mtoto wako.” Halafu akanishika kichwa kama mtoto mdogo, na hapo ndipo nilipolia.

Nililala siku tatu. Wakaniwekea dripu, tumbo likaachia usiku wa kwanza, damu ikakoma. Siku ya pili walinipima picha na daktari akaelekeza kile kioo upande wangu. Ulikuwa wa kijivu. Uti wa mgongo kama mkufu. Ulikuwa umeweka mkono usoni, na vidole vyote vitano vilihesabika. Daktari alisema umri na ukubwa vinakwenda pamoja, hakuna tatizo.

Mama alisoma kadi. Alikaa kando ya kitanda akaihesabu Januari kwenye vidole vyake, na alipofika mwisho alibaki ameinua kidole kimoja. Akasema jina la Yustini, chini kabisa, siyo kwa kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Bibi alikuwa amesimama dirishani. Hatukupanga kitu, sisi watatu. Hakuna aliyesema tumfiche Baba.

Ila Baba alipoingia, bado ana grisi mikononi, na kuuliza nani kampa mtoto huyu dawa, Bibi ndiye aliyejibu.

“Mimi, mkwe.”

“Wewe, mama?”

“Mimi. Nilichemsha kwa mikono yangu.”

Yote aliyoyasema yalikuwa kweli. Hakusema kwamba aliniuliza. Hakusema mara ngapi. Angesema aliniuliza, Baba angeuliza nilijibu nini, na baada ya hapo ni Januari, na Januari ni Yustini. Baba alimwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe wake. Alimwambia asikanyage kwake na asimshike mtoto akizaliwa. Bibi alichukua mfuko wake wa nailoni akatoka. Mimi nilikuwa kitandani, macho wazi, hatua mbili kutoka hapo. Niligeukia ukutani.

Hilo ndilo kosa ninalolijua kuliko mengine. Kikombe nilikunywa kwa hofu, na hofu ina haraka. Lakini kugeukia ukuta kulidumu miezi kumi na nane.

Miezi iliyobaki ulikua kama kitabu kilivyosema. Ulianza kushtuka mlango ukigongwa. Ulipata kwikwi, tumbo zima likawa linarukaruka na mdogo wangu akaweka kikombe cha plastiki juu yake kukiangalia kinacheza. Ulizaliwa mwishoni mwa Oktoba. Baba, ambaye alikuwa anakusubiri Septemba, alisema ile dawa ya Bibi ilikuchelewesha, na alilisema hilo kwa kila mgeni. Mama alikuwa anainuka kwenda kuongeza chai. Ubatizo wako Bibi alikuja akakaa benchi la mwisho, akaondoka kabla ya baraka. Mama alikuwa anakupeleka kwake kwa siri, ukiwa na miezi mitatu, na sita, na tisa, na kila mara alirudi na kiazi au malimao akisema ameyanunua.

Desemba hii shule ilinikubalia kurudi. Baba akapanga uende Madaba kwa shangazi. Nikasema ningependa Maposeni.

“Maposeni kwa nani?” alisema Baba. “Kwa yule?”

Nikanyamaza, kama kawaida yangu. Nilinyamaza wiki mbili.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, Baba alikuwa uani anasafisha pua ya kabureta kwa brashi ya meno. Wewe ulikuwa umekaa kwenye beseni unapiga maji. Nilikuja nikasimama mbele yake mpaka akasema, “Unanizibia mwanga.”

“Baba, Bibi aliniuliza tarehe kabla ya kunipa dawa. Aliniuliza mara tatu. Nilimdanganya.”

Aliendelea kusugua. “Tarehe gani?”

“Haikuwa Desemba. Ilikuwa Januari. Hakuna lori.”

Brashi ilisimama. Hakuhesabu kwa vidole kama Mama, aliangalia tu mlango wa chumba cha uani ambako Yustini alikuwa anaweka vifaa vyake. Ulirusha maji yakamfika suruali, hakuyafuta.

“Nilimpa spana zangu,” alisema.

“Ndiyo, Baba.”

“Yuko wapi?”

“Sijui. Tunduru aliondoka. Hajawahi kuandika.”

Nilisubiri neno la polisi. Halikuja siku hiyo, na sijui kama litakuja. Ni lake kulisema, na mimi nikiulizwa nitajibu ukweli, nimeshaamua. Ninachojua kuhusu baba yako nimekuandikia hapo juu. Si kingi. Alikuwa mpole, alikuwa anachapa kazi, hajui kwamba upo.

Baba aliuliza swali moja tu zaidi. “Na yeye alikubali niseme yote yale? Pale hospitali?”

“Alikubali.”

Alikusanya vipande vya kabureta akaviweka kwenye mkebe, akaingia ndani, na chakula cha mchana hakula.

Jana Jumanne alivaa shati la kanisani akamwambia Mama, “Twende kwa mama.” Mama ndiye aliyenisimulia. Kwetu mkwe wa kiume haingii kwa mama mkwe wake ovyo, wala hakai naye karibu. Baba alisimama mbali uani, akapiga hodi, Bibi akaitikia kutoka ndani na hakutoka. Jirani aliyekuwa anaanika maharage aliacha kuanika. Baba alipiga magoti pale pale kwenye udongo uliolowa, fundi mzima, akaanza kusema, akakwama, akaanza tena. Alisema amekuja kwa ajili ya maneno ya hospitali. Alisema Gaude amemweleza, na akaomba mtoto aje kukaa kwake kuanzia Alhamisi. Baada ya hapo akainamisha kichwa.

Halafu sauti ya Bibi ikatoka mlangoni, haimsemeshi Baba, inamsemesha Mama, kwa sababu ndivyo heshima ilivyo:

“Mwambie mkwe wangu ainuke. Atashikwa na magoti hapo, na Alhamisi ana mtoto wa kubeba.”

Kesho ni Alhamisi. Baba amesema atakubeba mwenyewe.

Umeamka. Unalia.

Mama yako,
Gaudensia